Faili Ipo, Wimbo Uko Wapi?

Nimekuwa kimya karibu majuma matatu kwa sababu ya kazi ya watu. Mradi ulikuwa na tarehe, na tarehe haina huruma. Leo sitaandika kuhusu lugha za programu wala simu mpya. Nataka kuandika kuhusu nyimbo za wazee wetu, na jinsi sisi watu wa kompyuta tunavyoziharibu tukidhani tunaziokoa. Nikisema sisi, namaanisha kwanza mimi mwenyewe.

Mada imetoka ofisini. Juzi wakati wa chai, mwenzangu mmoja aliniambia kwamba habari ya kuhifadhi muziki wa kiasili imekwisha. "Bwana, kila kitu kiko YouTube. Mtu akitaka nyatiti, anaandika tu nyatiti." Tulibishana mpaka chai ikapoa. Yeye anaona ukishapata faili umemaliza. Mimi naona ukishapata faili ndiyo kwanza umeanza. Niwaambie kwa nini.

Babu yangu mzaa baba alizikwa mwaka 1991 huko Siaya, miaka kadhaa kabla sijazaliwa. Kwenye matanga yake aliitwa mpigaji nyatiti, akapiga usiku kucha. Baba yangu mkubwa alikuwa na redio kaseti, akanasa usiku ule kwenye kanda tatu za dakika sitini sitini. Nyanya alizitunza kwenye mkebe wa biskuti pamoja na picha na vitambulisho vya zamani. Ndani ya kila kasha la kanda kulikuwa na kikaratasi chenye maandishi ya kalamu ya wino.

Kwa msomaji asiyejua nyatiti: ni zeze la Wajaluo lenye nyuzi nane. Mpigaji huketi kwenye kigoda kifupi, hufunga njuga mguuni, na kwenye kidole cha mguu huvaa pete ya chuma ambayo hugonga nayo ubao wa chombo. Kwa hiyo mtu mmoja anapiga nyuzi, anapiga mdundo na anaimba, yote kwa wakati mmoja. Wengi mmeusikia mguso wa nyuzi zake bila kujua, kwa sababu wapiga gitaa wa benga walichukua mengi kutoka kwenye nyatiti.

Desemba ya 2017 nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Nilikuwa nimejua kidogo, na kujua kidogo ni ugonjwa. Nilimwambia nyanya, "Dani, nipe hizo kanda niziweke kwenye kompyuta, zisiharibike." Akanipa mbili. Ya tatu ilikuwa imeliwa na redio zamani, utepe umejikunja, nikaona haina faida, nikaiacha mkebeni.

Kazi niliifanya hivi. Nilitoa waya kwenye tundu la visikizi vya redio, nikauingiza kwenye tundu la maikrofoni la laptopu, nikafungua Audacity, nikabonyeza kurekodi. Kisha nikaanza "kusafisha". Nilitumia kichujio kuondoa mngurumo wa kanda. Vigelegele na filimbi za watu nikavipunguza. Na kila mahali muziki ulipokatizwa na mtu anayeongea, nikakata. Niliona hao ni walevi wa matanga wanaomharibia mzee wimbo wake. Dakika mia moja na ishirini zikabaki kama sabini. Nikahifadhi kwa MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde, kwa sababu flashi yangu ilikuwa ndogo na ilikuwa na filamu. Nikaziita Wimbo01, Wimbo02, hadi Wimbo09. Kanda zenyewe nikazitupa pamoja na vikaratasi vyake nilipohama chumba. Nilikuwa na faili, kanda za nini tena?

Mwaka 2019 nilienda nyumbani na spika ndogo, nikamwekea nyanya. Alisikiliza zote kwa utulivu. Zilipokwisha akaniuliza, "Nyakwara, pale aliponitaja mimi pako wapi?"

Hapo ndipo nilipoelezwa kitu ambacho kijana wa Kijaluo mwenye umri wangu alipaswa kukijua. Wale niliowaona walevi walikuwa wanafanya pakruok. Msikilizaji humsimamisha mpigaji, hutoa pesa, kisha hujitaja au humtaja mwenzake kwa majina ya sifa: ni mtoto wa nani, ametoka wapi, ameoa wapi, anajivunia nini. Mpigaji huyachukua majina hayo akayatia kwenye wimbo na kuendelea. Usiku ule mtu fulani alilipa ili nyanya, mjane wa siku tatu, atajwe kama nyar Gem, binti wa Gem, na mpigaji akamwimbia. Mimi nilikuwa nimepakata hapo, nikachagua kipande kile kwa kipanya na kubonyeza kitufe cha kufuta.

Nyanya hakunigombeza. Alisema tu, "Basi." Alifariki Novemba 2021.

Sasa nirudi kwenye hoja. Sisi tuliosomea kompyuta tumefundishwa kutenganisha data na maelezo ya data. Sauti ni data. Nani ameimba, wapi, lini, kwa lugha gani, kwa tukio gani, hayo ni maelezo, na maelezo huwekwa pembeni, yakikosekana programu haianguki. Katika muziki wa wazee wetu mpaka huo haupo. Jina la aliyetajwa ni sehemu ya wimbo. Tukio ndilo linaloamua wimbo upi uimbwe na ni nani anayeruhusiwa kuuimba. Ukiondoa hayo unabaki na mlio wa nyuzi nane na sauti ya mzee asiyejulikana. Unaweza kuuchezea kwenye baa. Huwezi kuusoma, huwezi kuufundisha, na huwezi kuurudisha kwa wenyewe kwa sababu hujui wenyewe ni nani.

Baada ya kosa langu nilianza kusoma jinsi wenye kazi hiyo wanavyoifanya. Jina utakalokutana nalo mapema ni Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka nchi nyingi za Afrika ya kusini, kati na mashariki akinasa muziki. Mwaka 1954 alianzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, ILAM, nchini Afrika Kusini. Tangu 1978 maktaba hiyo iko Chuo Kikuu cha Rhodes, katika mji ambao zamani uliitwa Grahamstown na sasa unaitwa Makhanda. Mfululizo wake mkubwa una santuri 210. Alikuwa mtu wa zama za ukoloni, na santuri zake zilisikilizwa zaidi ughaibuni kuliko vijijini zilikotoka. Hilo nalisema wazi. Lakini kuna jambo moja alilifanya ambalo mimi na shahada yangu hatukulifanya: aliandika. Kila wimbo ulikuwa na kadi yake, yenye waimbaji, lugha, mahali, tarehe na aina ya ala.

Mwaka 1950 alifika kwa Wakipsigis, hapa kwetu Kenya, akanasa nyimbo zinazoitwa Chemirocha. Jina hilo limetokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika mpaka Bonde la Ufa. Wimbo mmoja kati ya hizo uliimbwa na wasichana, na Tracey aliandika kwamba wao walimwazia Chemirocha kama kiumbe nusu mtu nusu paa. Fikiria kama tungebaki na sauti peke yake. Leo mtu angeusikia na kusema ni wimbo wa kale wa Wakipsigis usio na mwanzo. Kumbe ndani yake kuna habari ya gramafoni, ya biashara ya santuri, na ya watoto wa kijijini waliochukua sauti ya mgeni wakaifanya yao. Habari hiyo yote iko kwenye maandishi.

Kadi hizo zilifanya kazi nyingine pia. Mwaka 2014, ILAM pamoja na mradi wa Singing Wells, unaoendeshwa na Ketebul Music ya Nairobi na Abubilla Music ya Uingereza, walirudisha nakala za rekodi hizo kwa Wakipsigis wenyewe. Waliweza kwenda sehemu husika na kuuliza watu kwa majina, na baadhi ya waliokuwa vijana mwaka 1950 walikuwa bado hai. Miaka 64 ni mingi mno, na ni aibu. Lakini bila jina la kijiji kwenye kadi, hata baada ya miaka mia mbili wasingejua gari lielekee wapi.

Kuna jambo la pili ambalo mwenzangu wa ofisini hakuliangalia, nalo ni nakala kukaa mahali pamoja. Mnamo Oktoba 2023 Maktaba ya Uingereza ilishambuliwa na wahalifu wa mtandao, na huduma zake nyingi za mtandaoni zikazimika kwa miezi. Huduma yake ya kusikiliza sauti ilikuwa miongoni mwa zilizopotea hewani. Maktaba hiyo ndiyo inayotunza rekodi alizozifanya Klaus Wachsmann nchini Uganda kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940. Kwa bahati nzuri, nakala zake zilikuwa zimekwisha kurudishwa Chuo Kikuu cha Makerere zaidi ya miaka kumi kabla ya shambulio hilo. Kila mwandishi wa programu anajua kwamba nakala moja ni sawa na kutokuwa na nakala. Ajabu ni kwamba tunaijua kanuni hii kwa kazi za wateja wetu, lakini kwa nyimbo za babu zetu tunasema "iko YouTube". YouTube si ghala. Akaunti ikifungwa, au mwenyewe akifuta, umekwisha.

Jambo la tatu ni la kiufundi, na hapa mnivumilie kidogo. MP3 hupunguza ukubwa wa faili kwa kutupa sehemu za sauti ambazo inakisia sikio halitazisikia. Kwa wimbo wa kusikiliza kwenye matatu, hakuna ubaya. Kwa kumbukumbu ya pekee ya usiku mmoja, ni hasara, kwa sababu kilichotupwa hakirudi. Wahifadhi wa sauti hutumia WAV ya biti 24, na sampuli 48,000 au 96,000 kwa sekunde. Piga hesabu mwenyewe: sampuli 96,000, baiti tatu kila moja, chaneli mbili, ni kama gigabaiti 2 kwa saa. Faili zangu za kilobiti 64 zilikuwa megabaiti 29 hivi kwa saa. Mwaka 2017 gigabaiti 2 zilinitisha. Leo diski ya kuhifadhi usiku mzima wa matanga ni bei ya chakula cha mchana, na FLAC inakupunguzia ukubwa bila kutupa chochote.

Na utafiti je? Programu nyingi za kuandika noti zimejengwa kwa piano, ambayo hugawanya oktava katika hatua 12 zilizo sawa. Wanamuziki hupima oktava kwa senti 1,200, basi kila hatua ya piano ni senti 100. Chukua sasa amadinda, marimba ya Baganda, yenye noti tano kwenye oktava zilizopangwa karibu sawa, yaani kama senti 240 kila hatua. Hesabu hiyo haiingii kwenye funguo za piano. Nilipolisha Wimbo03 kwenye programu ya kuandika noti, ilisogeza kila uzi wa nyatiti mpaka kwenye noti ya piano iliyo karibu, kisha ikanipa karatasi safi kabisa yenye wimbo ambao mzee hakuupiga. Chombo kilichotengenezwa kwa muziki mmoja husahihisha muziki mwingine kana kwamba umekosea. Ndiyo maana rekodi ghafi ni lazima ibaki bila kuguswa. Usafi ufanyie nakala.

Sasa kuna swali ambalo linanisumbua mimi kama mpenzi wa programu huria. Kwa kawaida nataka kila kitu kiwe wazi kwa kila mtu. Lakini nyimbo si msimbo wangu. Ziko za jando, ziko za waganga, ziko za kilio cha watu maalumu. Kenya tuna sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya kiasili na sanaa za kiasili, inayozitambua jamii kuwa wenye mali hizo. Kwa hiyo kuwa na rekodi mkononi si ruhusa ya kuipandisha mtandaoni. Uliza kwanza. Ukiambiwa hapana, ihifadhi bila kuitangaza. Inawezekana kabisa kitu kikahifadhiwa vizuri na kisisikilizwe na kila mtu.

Wapo watakaoniambia kwamba muziki huishi kwa kupigwa, na kwamba diski iliyojaa rekodi ni makaburi. Nakubaliana nao nusu. Mwaka 2014 UNESCO iliingiza ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Rekodi za isukuti hazijakosekana, kila mwaka wanafunzi huicheza kwenye mashindano. Tatizo ni kwamba wenye ujuzi wengi ni wazee wasio na warithi, na hata vifaa vya kutengenezea ngoma ni shida. Hakuna faili itakayomfundisha mtoto kuchonga ngoma. Lakini mtoto akishapata mwalimu, rekodi yenye maelezo itamsaidia kujua mwalimu wa mwalimu wake alipigaje. Vitu hivi viwili vinahitajiana.

Nimalizie na kanda ya tatu. Baada ya mazishi ya nyanya tulifungua ule mkebe, na kanda iliyoliwa ilikuwa bado imo, na kikaratasi chake. Safari hii sikuwa na haraka. Nilinunua kanda tupu ya aina inayofunguliwa kwa skrubu, nikahamishia utepe ndani yake, nikaunyoosha kwa kidole pole pole. Kichwa cha redio nikakisafisha kwa spiriti. Nikanasa kwa biti 24 bila kukata hata kikohozi. Kisha nikaketi na baba mkubwa siku mbili, tukisimamisha kila dakika. "Huyo ni nani?" "Huyo alikuwa shemeji ya babu yako, alifanya kazi reli." "Na hapo anasema nini?" Tulijaza kurasa kumi na nne za daftari. Humo mpigaji anajitaja, anamtaja aliyemfundisha, na anataja watu kumi na mmoja waliokuja kumlilia babu, kila mmoja na kwao. Jina la mpigaji silitaji hapa mpaka nikubaliane na wanawe, ambao baba mkubwa aliwapata kwa sababu ya kanda hiyo hiyo. Nakala moja iko kwao, moja kwetu Siaya, moja kwangu Nairobi, na daftari limepigwa picha na kuwekwa pamoja na kila nakala.

Kama nyumbani kwenu kuna mkebe kama huo, naomba ufanye haya:

1. Usitupe kanda hata ukishainakili. Mashine za baadaye zinaweza kusoma vizuri zaidi yako.
2. Piga picha kasha na maandishi yake kabla ya kitu kingine chochote.
3. Nakili yote, pamoja na maongezi, vicheko na mbwa wanaobweka. Hujui bado kelele ni ipi.
4. Jina la faili liwe na tarehe, mahali na mwimbaji, na maelezo marefu yakae kwenye faili ya maandishi ya kawaida kando yake.
5. Keti na mzee mmoja anayezijua sauti hizo, na unase maelezo yake pia. Hili lifanye mapema kuliko mengine yote, maana kanda inaweza kungoja mwaka mmoja zaidi, mzee huenda asiweze.
6. Weka nakala tatu, mahali tofauti, na moja iwe kwa familia ya aliyeimba.

Mwenzangu wa ofisini atasoma haya Jumatatu, najua, na atasema nimeleta hisia kwenye mambo ya teknolojia. Sawa. Nitamwambia anitafutie YouTube pale nyar Gem alipotajwa. Kwenye kanda ya tatu hapapo, nimesikiliza mara nyingi. Palikuwa kwenye ya kwanza.

Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda, na nitarudi kwenye mambo ya programu.